Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nani Anasimamia Ufikivu wa Majengo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu Tanzania?

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu wenye ulemavu, ndugu zao, wenye majengo na watumishi wa halmashauri huuliza kuhusu wajibu wa Serikali wa kuhakikisha kwamba ofisi, maduka, benki, hospitali, stendi na maeneo mengine ya umma yanafikika. Majibu yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa pale Zanzibar inapotajwa.

Ni sheria gani inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia na kuhudumiwa kama watu wengine?

Sheria ya msingi ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ambayo inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu ya kuishi katika mazingira yasiyo na vikwazo, na kwa hiyo kuyafikia majengo ya umma, usafiri na taarifa. Nyuma yake upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuridhiwa na Tanzania tarehe 10 Novemba 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inagusa pia sekta binafsi: mahali au huduma ikishafunguliwa kwa umma, Serikali inawajibika kuhakikisha inafikika, hata kama mwenye nayo ni mtu binafsi. Katiba yenyewe inalinda usawa katika ibara za 12 na 13, na ibara ya 11 inataja hali ya ulemavu kwa jina.

Je, kuna mkaguzi wa Serikali anayepita kwenye majengo kuangalia kama yanafikika?

Hakuna ofisi moja ambayo kazi yake ni hiyo peke yake, na hapa ndipo watu wengi hupotelea. Mtu huenda ustawi wa jamii, akaambiwa suala la jengo ni la mhandisi. Akienda kwa mhandisi, anaambiwa suala la walemavu ni la ustawi wa jamii. Wote wawili wanasema nusu ya ukweli.

Dhamana ya kisera ya masuala ya watu wenye ulemavu iko Ofisi ya Waziri Mkuu. Sheria ya 2010 iliunda pia Baraza la Taifa la Ushauri, pamoja na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji au mtaa hadi mkoa. Hata hivyo, vyombo hivyo vinashauri, vinafuatilia na kupaza sauti. Havitoi kibali cha ujenzi wala leseni ya biashara. Nguvu ya kumlazimisha mwenye jengo au mtoa huduma iko kwa mamlaka nyingine: halmashauri kwa majengo na leseni za biashara, LATRA kwa mabasi, daladala na reli, Benki Kuu kwa mabenki, TCRA kwa utangazaji na mawasiliano, na bodi za kitaaluma kwa wabunifu majengo, wahandisi na makandarasi.

Ndiyo maana tunashauri swali ligeuzwe. Badala ya kuuliza nani anakagua ulemavu, uliza nani aliyetia saini ili mlango huu ufunguliwe. Aliyetoa kibali, leseni au fedha ndiye mwenye rungu, na malalamiko yanayomfikia yeye huwa na uzito kuliko yale yanayozunguka kwa watu wenye huruma tu.

Kibali cha ujenzi kinahusikaje?

Kinahusika kuliko kitu kingine chochote. Jengo likiwa bado kwenye karatasi, kuongeza rampu au kupanua mlango wa choo ni suala la kufuta mstari na kuchora mwingine. Likishamwagwa zege, jambo hilohilo linageuka kuwa kubomoa, kuhamisha mabomba na kugombana na mpangaji aliyekwisha kuweka rafu zake.

Mwenye kiwanja hupeleka michoro halmashauri, na wataalamu wa mipango miji, ujenzi, afya na zimamoto huipitia kwa zamu, kila mmoja kwa jicho lake, kabla kibali hakijatolewa. Katika mnyororo huo, afisa ustawi wa jamii kwa kawaida hayumo, na mwakilishi wa watu wenye ulemavu hayumo kabisa. Kwa maoni yetu, kasoro kubwa ya usimamizi iko hapa. Sheria ipo, fomu zipo, mihuri ipo, lakini mtu ambaye angeona mara moja kwamba choo kilichoandikwa "walemavu" kimewekwa ghorofa ya pili katika jengo lisilo na lifti hakuonyeshwa mchoro. Halmashauri yoyote inaweza kuziba pengo hilo kwa kuialika kamati yake ya watu wenye ulemavu ipitie michoro ya majengo yatakayotumiwa na umma, na haihitaji kusubiri sheria mpya kufanya hivyo.

Ujenzi ukiendelea, mkaguzi wa halmashauri ana haki ya kufika eneo la kazi na kulinganisha kinachojengwa na kilichochorwa. Rampu ni miongoni mwa vitu vya kwanza kufupishwa eneo la kazi, kwa sababu hula nafasi ya maegesho.

Rampu inayofaa ikoje?

Kipimo kinachotumika sana duniani ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Jengo lenye ngazi tatu za sentimita 15 limeinuka sentimita 45, kwa hiyo rampu yake inapaswa kuwa na urefu wa meta 5.4. Ukikuta ngazi tatu na pembeni yake rampu ya meta mbili, huhitaji mhandisi kukuambia kwamba ile ni ya kuonyesha wakaguzi. Mtu aliye kwenye kiti mwendo hawezi kuipanda kwa mikono yake, na akishuka bila mtu wa kumshika anaweza kuishia barabarani.

Mteremko peke yake hautoshi. Juu na chini panatakiwa pawe tambarare, ili mtu aweze kusimama na kufungua mlango bila kurudi nyuma. Upana wa mlango unaopitika usipungue sentimita 80, na 90 ni bora. Ndani, hasa chooni, kiti mwendo kinahitaji nafasi ya duara la meta 1.5 kugeuka. Reli za kushikia ziwe pande zote mbili, na uso wa rampu uwe wa zege iliyokwaruzwa. Vile vigae vinavyong'aa ambavyo mafundi wetu wanavipenda huteleza mvua ikinyesha, na mwenye magongo huvijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuna ofisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja, yenye rampu nzuri kabisa: mteremko wake ni wa haki na reli zake zimepakwa rangi ya bluu. Kati ya rampu hiyo na barabara pana mtaro wa maji usiofunikwa. Mlinzi ameegemeza ubao ukutani, na mtu wa kiti mwendo akifika huutandika juu ya mtaro, akamvusha, kisha akaurudisha mahali pake usije ukaibwa. Rampu ilikuwa ndani ya mkataba wa jengo. Mtaro ulikuwa mradi wa mtu mwingine. Usimamizi unaoishia kwenye mpaka wa kiwanja huzaa vitu vya namna hiyo.

Jengo letu ni la zamani. Je, tunalazimika kulibomoa?

La. Wajibu wa kufanya mahali pafikike unatekelezwa hatua kwa hatua kwa majengo yaliyokuwepo, lakini "hatua kwa hatua" haimaanishi "siku moja Mungu akipenda". Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba, katika ufafanuzi wake wa mwaka 2014 kuhusu ibara ya 9, ilitofautisha mambo mawili ambayo huku kwetu huchanganywa. La kwanza ni ufikivu, ambao ni wajibu wa mapema kwa watu wote: hauungoji mteja mwenye ulemavu ajitokeze ndipo uanze kufikiria mlango. La pili ni marekebisho yanayofaa kwa mtu mmoja mmoja, ambayo yanadaiwa tangu pale mtu huyo anapoyahitaji.

Kwa mwenye jengo la zamani maana yake ni hii: awe na mpango wenye tarehe na bajeti wa kurekebisha jengo, na wakati mpango huo ukiendelea, mtu akifika leo ahudumiwe leo. Kuihamishia huduma chumba cha chini kwa muda, kumpelekea mteja nyaraka mlangoni, au kupanga miadi katika tawi lenye rampu ni majibu halali ya siku hiyo. Yakigeuka kuwa desturi ya miaka kumi, yamekuwa kisingizio.

Walinzi wetu huwabeba wateja wenye ulemavu hadi juu. Kwani hilo si msaada wa kutosha?

Ni ukarimu wa mlinzi, na mlinzi anastahili shukrani. Anayebebwa, hata hivyo, huingia ofisini akiwa mikononi mwa mtu asiyemjua, mbele ya foleni nzima, na huondoka kwa idhini ya mtu huyohuyo. Wapo wanaoacha kwenda benki kwa sababu hiyo na kumpa ndugu kadi na namba ya siri, jambo ambalo benki zenyewe hutukataza.

Nina fremu ndogo tu ya kupanga. Sheria inanihusu?

Inakuhusu kwa sababu umefungua mlango kwa umma, lakini kinachotarajiwa kwako hakilingani na kinachotarajiwa kwa mwenye jumba la maduka. Ngazi, mtaro na choo cha pamoja ni vya mwenye nyumba, na hilo ni vizuri liandikwe kwenye mkataba wa pango kabla hujalipa kodi ya miezi sita. Vilivyo chini ya mamlaka yako ni upana wa njia kati ya rafu, urefu wa kaunta, makreti ya soda yaliyopangwa mlangoni na namna unavyomsemesha mteja. Kizingiti kimoja cha sentimita 10 kinaweza kumalizwa na fundi seremala kwa kirampu cha mbao cha kutoa na kuweka, bila kugusa ukuta.

Wafanyabiashara wengi hutujibu kwamba hawajawahi kuona mteja wa namna hiyo. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani, wakiwamo wasioona vizuri na wanaotembea kwa shida. Mtaani wamo. Kama dukani hawamo, mtazame mlango.

Na wasioona na viziwi? Mbona kila kitu ni rampu?

Lawama hii ni ya haki. Rampu inaonekana na inapigwa picha siku ya uzinduzi, na kwa hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya ufikivu katika fikra za wengi. Kwa asiyeona, kikwazo ni mashine ya foleni yenye kioo cha kugusa kisichotoa sauti, mabango yaliyotundikwa usawa wa kichwa, fomu isiyo na nukta nundu wala mtu wa kuisoma kwa faragha, na bodaboda zilizoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu. Kwa kiziwi, kikwazo ni kuitwa jina kwa sauti. Anakaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi, jina lake limeitwa mara tatu, na faili lake limerudishwa chini. Kibao cha kuonyesha namba kingetosha, au hata muuguzi kuandika namba kwa chaki. Kwa mtu mwenye ualbino, maandishi madogo kwenye kioo chenye mng'ao ni sawa na ukuta.

Kwa televisheni, Sheria ya 2010 inahitaji vituo viweke tafsiri ya lugha ya alama au maandishi katika taarifa zao, na TCRA ndiyo yenye mamlaka juu ya vituo hivyo.

Usafiri wa umma unasimamiwaje?

LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikichukua nafasi ya SUMATRA kwa upande wa nchi kavu, hutoa leseni za usafirishaji na hupokea malalamiko ya abiria. Kondakta anayemwacha abiria kituoni kwa sababu ana magongo amekosea. Chukua namba ya gari, njia yake, mahali na saa. Bila namba ya gari malalamiko hayana pa kushika.

Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, ni mfano wa kupatia na kukosea kwa pamoja. Vituo vyake viliinuliwa vikawa usawa mmoja na sakafu ya basi, na mtu wa kiti mwendo anaweza kuingia bila kuinuliwa. Asubuhi, watu wakiwa wamebanana mlangoni, usawa huo wa sakafu haumsaidii mtu, na hapo tatizo ni la uendeshaji, si la zege. Msimamizi hapaswi kuridhika na cheti cha jengo. Aje aangalie saa moja asubuhi.

Nimeshindwa kuingia mahali, au nimenyimwa huduma. Nianzie wapi?

Anza palepale, kwa msimamizi wa mahali hapo, na umweleze unachotaka badala ya kilichokuudhi tu. "Naomba choo hiki kifunguliwe na kisitumike kama stoo" ni ombi linalojibika. Vyoo hivi vina hadithi yake: mlango una alama ya kiti mwendo, umefungwa kwa kufuli, ufunguo yuko nao mhudumu aliyekwenda kunywa chai, na ndani kuna ndoo, mifagio na viti vilivyovunjika. Hakuna anayehitaji bajeti kuviondoa.

Usipopata jibu, andika barua. Kwa jengo, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mhandisi na kwa afisa ustawi wa jamii, ili lile la kurushiana mpira lipungue. Kwa benki, malalamiko hupelekwa kwanza kwa benki yenyewe, na usiporidhika huenda Benki Kuu. Serikali ya mtaa na kamati yake ya watu wenye ulemavu zipewe taarifa pia. Vyama kama CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona na TAS kwa wenye ualbino, pamoja na shirikisho lao SHIVYAWATA, vimezoea njia hizi na vinaweza kuandika pamoja nawe. Malalamiko ya mtu mmoja husomwa kama kisa cha mtu mmoja. Ya chama husomwa kama hali ya mahali.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inaweza kufanya nini?

Tume ipo kwa mujibu wa ibara ya 129 ya Katiba na Sheria Na. 7 ya 2001. Inapokea malalamiko bila malipo, inachunguza, inaweza kuita mashahidi na nyaraka, kisha inatoa mapendekezo. Pendekezo si hukumu, na wapo wanaolidharau kwa sababu hiyo. Lakini sheria inaipa Tume uwezo wa kwenda mahakamani pendekezo lake likipuuzwa, na ripoti yake iliyokwisha kuandikwa ni ushahidi ambao mlalamikaji wa kawaida asingeweza kuukusanya kwa nguvu zake. Jambo lililoko mahakamani Tume hailigusi, kwa hiyo chagua mlango wa kwanza kwa kufikiri.

Naweza kwenda mahakamani?

Unaweza. Madai ya haki za kikatiba hufunguliwa Mahakama Kuu chini ya ibara ya 30(3) ya Katiba na sheria ya utekelezaji wa haki za msingi. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayefungua shauri anatakiwa kuonyesha kwa kiapo jinsi uvunjaji huo ulivyomgusa yeye binafsi. Jambo hilo liliyabana mashirika yaliyokuwa yakifungua kesi kwa niaba ya umma, lakini halimbani mtu aliyeachwa chini ya ngazi: yeye ameguswa. Mahakama inaweza pia, badala ya kubatilisha jambo papo hapo, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Kwa madai ya kawaida dhidi ya Serikali au halmashauri, notisi ya siku 90 inatangulia. Tafuta wakili kabla ya hapo, si baada.

Na Umoja wa Mataifa?

Tanzania iliridhia pia Itifaki ya Hiari ya mkataba, kwa hiyo mtu anaweza kuipelekea Kamati malalamiko yake baada ya njia za ndani kumalizika. Si nadharia: mwaka 2017 Kamati iliamua shauri la Mtanzania mwenye ualbino aliyeshambuliwa, na ikaona Serikali haikutimiza wajibu wake. Kuhusu biashara, uamuzi wa kusoma ni ule wa mwaka 2013 dhidi ya Hungaria, ulioletwa na watu wawili wasioona vizuri walioshindwa kutumia mashine za kutolea fedha za benki yao. Benki ilikuwa ya binafsi. Kamati ilisema Serikali haiwezi kujificha nyuma ya hilo, kwa kuwa kuisimamia benki ni kazi yake.

Zanzibar mambo yakoje?

Zanzibar ina sheria yake. Ile ya mwaka 2006 ilifuatwa na Sheria Na. 8 ya 2022, na lipo Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu la huko, pamoja na shirikisho la jumuiya, SHIJUWAZA. Mji Mkongwe una ugumu wa pekee: umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na vizingiti, baraza na milango yake mizito ndiyo inayohifadhiwa. Hata hivyo, kirampu cha kuondoleka hakiharibu urithi wowote, na hoteli nyingi ndani ya majumba hayo zimeshabadilisha mambo makubwa kuliko kizingiti.

Je, mikopo ya asilimia 2 ya halmashauri inaweza kujenga rampu?

Hapana. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ni ya kuvikopesha vikundi vya watu wenye ulemavu kwa shughuli zao za kiuchumi. Rampu ya zahanati ni gharama ya zahanati.

Barua ya malalamiko iandikweje?

Ukurasa mmoja unatosha. Taja mahali, tarehe, saa, huduma uliyoifuata na kilichokuzuia, kwa vipimo kama unavyo: "ngazi nne, hakuna reli, mlango una sentimita 62". Utepe wa fundi cherehani unapima vizuri tu. Ambatisha picha iliyopigwa ukiwa nje ya mlango, ukijizuia kupiga sura za wateja wengine. Taja Sheria Na. 9 ya 2010, omba jambo moja au mawili yanayotekelezeka, na uombe jibu kwa maandishi ndani ya siku unazozitaja. Peleka nakala mbili masijala. Moja wabaki nayo, na nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa mbele yako, uondoke nayo.